Msalaba Juu ya Kiota cha Trauti

Sikukuu ya Ubatizo ilikuja na baridi ya kukata mifupa, na mzee Spase alikuwa mtoni tangu asubuhi akilinda mawe. Chini ya changarawe ile, hatua chache kutoka darajani, yalilala mayai ya trauti, samaki wa ziwani anayetaga mtoni. Zamani samaki hao walipanda mto makundi kwa makundi kutoka Ziwa Prespa. Mwaka huu alifika jike mmoja na dume lake. Akachimba kwa mkia, akataga, akafukia, akarudi zake ziwani. Mayai yangeanguliwa theluji ikiyeyuka, mguu wa mtu usipoyaponda kwanza.

"Spase, huyo samaki umemtolea mahari?" wanaume walimtania wakivua mashati, tayari kuuopoa msalaba ambao padri huutupa mtoni siku hiyo.

"Chekeni tu. Msalaba utatupwa kule chini, kwenye kidimbwi cha kinu cha maji. Padri ameniahidi."

Ahadi ilikuwepo, nguvu ya mkono ndiyo iliyokosekana. Padri Tanas, mzee wa miaka themanini, aliurusha msalaba wa mti kutoka darajani, nao ukaanguka karibu, ukanasa kwenye mawe ya kiota chenyewe.

Wanaume wakajitosa kidimbwini na kupanda mto mbiombio. Spase akaingia na mabuti yake, akawazibia njia, mikono kaitanua. Wa kwanza kumfikia alikuwa Trajko, mkwewe, mume wa binti yake Rosa.

"Baba, nipishe."

"Sikupishi."

"Rosa ameshapoteza mimba mbili! Hii ya tatu naitakia baraka. Ni mjukuu wako, baba!"

Anayeuokota msalaba, nyumba yake hupata afya mwaka mzima. Kijijini hakuna anayelitilia shaka hilo, hata Spase. Moyo ulimuuma, lakini hakusogea.

Trajko alimtazama, akatoka majini, akakimbia ukingoni hadi upande wa juu wa mto, kupita daraja. Huko akaingia tena, akalala kifudifudi juu ya maji, akajiachia mkondo umbebe.

"Mtaka cha mvunguni!" mtu akapaza sauti ukingoni, watu wakaangua kicheko.

Alipita juu ya kiota kama ubao, miguu kainyoosha, akaunyakua msalaba bila kugusa hata jiwe moja.

Msalaba hupelekwa nyumba kwa nyumba. Siku hiyo ulianzia kwa Rosa. Aliubusu, akauweka juu ya tumbo lake, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, angekuomba mara ya pili, ungempisha?"

Spase alikuwa akimimina maji kutoka kwenye buti.

"Ningempisha, mwanangu."

"Basi namshukuru Mungu," alisema Rosa, "hakukuomba mara ya pili."