Dumu la Njano Ukutani kwa Jiko

Pikapu ya bluu ya Hosea ilikuwa na umri mkubwa kuliko binti yake Hana. Siku ilipozima uani kwao Mtinko na kukataa kwenda popote, mkewe Magdalena hakuliogopa gari. Aliogopa petroli. Kibanda chao cha jiko la kuni kilikuwa pale pale karibu na boneti, na mpishi wa siku hiyo alikuwa Hana.

"Baba Hana, sukuma gari lako mbali na jiko langu."

"Lingekuwa linasukumika, saa hizi ningekuwa mnadani."

Fundi Raymond akaja na mfuko wake wa spana. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Msije mkanichomea mtoto."

"Mama, bado tunatafuta ugonjwa tu. Sindano baadaye."

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi: gari likipigwa stata linawaka, linatetemeka kama mtu mwenye homa, linatoa moshi mweupe, halafu linazima. Raymond akafungua plagi. Zote zilikuwa nyeusi, zimelowa, zinanata. Akazisugua kwa msasa, akazifuta, akazirudisha. Hosea akapiga stata. Likawaka, likakohoa, kimya. Plagi zikafunguliwa tena, nazo zilikuwa zinanata vilevile.

"Mzee, ringi za pistoni zimekwisha," alisema Raymond. "Oili inapanda juu. Hapa ni kushusha injini."

Hosea akakaa juu ya tairi bovu kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Tuanze kwanza na petroli," alisema. "Huenda ina uchafu."

Raymond akaingiza mpira kwenye tangi, akavuta kwa mdomo, akatema, petroli ikaanza kushuka kwenye dumu la njano alilolileta Hosea. Lilipojaa, Hosea aliona jua ni kali, akalipeleka kivulini, ukutani kwa jiko, karibu na mlango. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Magdalena hakuona. Alikuwa nyuma ya nyumba anakimbizana na jogoo. Kwao fundi akishinda uani kwako humwachi aondoke na chai tu. Alichinja, akanyonyoa, akampa Hana. "Mchemshe kwanza, akilainika umkaange."

Aliporudi kwa wanaume, Raymond alikuwa amesafisha filta na anajaribu tena, petroli kidogo iliyobaki tangini ikisaidia. Gari likatoa moshi, upepo ukauleta usoni kwa Magdalena.

"Huu moshi unanukia maandazi."

Raymond akacheka mpaka akashika boneti. "Mama, hiyo ni njaa!"

"Njaa ya mama yako. Nipe hiyo plagi."

Akaiparuza kwa kucha, akasugua ule utando kati ya vidole, akanusa. Alizeti ndiyo aliyopikia maisha yake yote. "Hii alizeti. Tena ile ya kukamua hapa mashineni, yenye mashapo. Baba Hana, petroli ya Jumapili ulinunulia kwenye nini?"

"Dumu."

"Dumu lipi?"

"Lile la njano. Lilikuwa tupu."

"Tupu! Mashapo yalikuwa yameganda chini. Ulilisuuza?"

Hosea akajikuna kichwa. Raymond akapiga makofi. "Basi ringi nzima, mzee! Umelinywesha gari mafuta ya kukaangia!"

Wakacheka wote wawili, kwa kuwa injini haishuki tena. Magdalena hakucheka.

"Na hiyo mliyoitoa leo mmeiweka wapi?"

"Si kwenye dumu hilohilo, pale uku..." Hosea akageuka. Ukutani hapakuwa na kitu.

Dumu la alizeti la nyumba hiyo hukaa hapo hapo kila siku, na Hana alipoliona limejaa alidhani limejazwa mashineni. Na uani kote kulinuka petroli tangu asubuhi, kwa hiyo pua ya Hana haikuwa na la kumwambia.

Magdalena alifika mlangoni, mdomo umeshafunguka kupiga kelele, akaufunga. Hana alikuwa ameinama juu ya mafiga. Karai lilikuwa linafuka moshi. Dumu lilikuwa mikononi mwake, kifuniko kimetoka. Akishtuka, atalimwaga.

"Hana," aliita kwa sauti ya kawaida. "Mwanangu, usimimine. Liinue dumu, urudi nyuma polepole."

"Kwani kuna nini, mama? Mafuta tu."

"Najua. Njoo nalo huku kwangu."

Hana akarudi nyuma, bila haraka, akinung'unika kwamba karai litaungua. Magdalena akalipokea dumu, akalifunga, akampa Raymond, ambaye alikimbia nalo hadi kwenye ua wa miiba. Hosea akamwagia moto mchanga. Hapo ndipo Hana aliponusa viganja vyake, akakaa chini mlangoni na kuanza kulia.

Jogoo aliliwa wa kuchemsha. Jioni Hosea alikwenda kununua petroli kwenye dumu jipya, gari likawaka, likanguruma vizuri. Aliita watu waje wasikie. Magdalena hakwenda. Alikuwa anamsubiri amalize, ampe rangi nyekundu alipake dumu lile pande zote, kisha alifungie kwenye banda la majembe.

Hana mpaka leo hunusa mafuta kabla ya kumimina, hata ya dukani.

Na wewe mwenye gari bovu uani: kabla hujaingiza mpira kwenye tangi, angalia petroli unaitia kwenye chombo gani, na nani anapika siku hiyo.