Vya Watu Wawili

...na sabuni sita, hapana, saba, hii iliyovunjika nayo ni sabuni, alizipanga kwenye rafu ya juu ya stoo, amesimama juu ya kigoda na umri wake huo, huku binti yake muuguzi ameketi mlangoni, karatasi magotini, akisoma kama anayemsomea mtoto wa shule, "Mama, unga wa wiki mbili, maharage, chumvi, dawa ya kushusha homa, na pampu ya Baba ya pumu, mbili, siyo moja," nasikia mwanangu, masikio yapo, lakini kwa sauti alisema "Mm" tu, hivi huyu anamfundisha nani kujiandaa, yeye aliyelea watoto wanne kwa cherehani moja, tena mtaa mzima walishakutana shuleni Jumamosi, wakabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa videvu, wakapangiana nani atamchotea nani maji hiyo homa kali ya mafua ikifika, nani ataacha chakula mlangoni kwa nani bila kuingia ndani, yeye akapewa kushona vitambaa arobaini vyekundu, nyumba ikizidiwa itundike kimoja dirishani, na Bwana Redio, jirani anayejua habari kabla hazijatokea, akauliza, "Na asiye na dirisha?" mwalimu mstaafu akamjibu taratibu, "Huyo tutakutundika wewe mlangoni kwake," wakacheka mpaka madawati yakalia, ajabu, alikwenda na moyo mzito akarudi mwepesi... "Mama, unanisikia? Chumba cha mgonjwa kiwe kimoja, anayemhudumia awe mmoja," nani asiyejua, si huyuhuyu msomaji, akiwa na miaka sita, alishikwa na mafua mwili ukawaka kama pasi, yeye akawapeleka kaka zake kwa bibi yao, akajifungia naye siku tisa, uji kwa kijiko, kitambaa cha maji kwenye paji la uso, sikio kifuani kusikiliza kama pumzi bado inapanda, na siku ya tisa mtoto akafumbua macho, akamtazama, akasema, "Mama, unanuka," hakuwahi kuambiwa neno tamu kama lile... "Unacheka nini?" "Sicheki. Soma," akasoma, barakoa sita, tatu zako, tatu za Baba, vikombe viwili, ndoo mbili, wawili, wawili, kila kitu cha watu wawili, mkono wake ukabaki hewani na kipande cha sabuni, mbona wawili, nyumba hii inalala watu watatu, "Na wewe je?" "Mimi nitakuwa wodini, Mama. Tutalala hukohuko. Sitarudi nyumbani, nisije nikawaletea," alisema bila kuinua uso, kidole kinakunja na kukunjua pembe ya karatasi, lo, kumbe ndiyo hiyo sauti ya ualimu, kumbe hamfundishi mtu, anawauguza mapema, anawauguza sasa hivi kwa sababu siku yenyewe hatakuwepo, na yeye hapa amenuna kwa ajili ya unga, alitaka kushuka amkumbatie, hapana, atamtia kilio, na akilia ataacha kusoma, na wodi je, wodini nani atakumbuka kwamba huyu akichoka hali chakula, lazima awekewe mkononi, basi hospitali ina geti, geti lina mlinzi, mlinzi ana meza, na mezani panakaa chombo cha chakula chenye mfuniko, yeye atavuka barabara asimame mbali, amwone tu dirishani juu akipunga mkono, tena akiwa na njaa atapunga kwa hasira, vizuri, na asimwambie leo, ataanza mambo ya vijidudu, mtoto mzima huyu, mkaidi, makini, hatetemeki, nani kamlea, akajisifu kidogo, moyo ukatulia tuli kama nguo iliyopigwa pasi, "Mama, shuka basi, utaanguka," "Sianguki," akavisogeza vya watu wawili upande mmoja wa rafu, akafuta vumbi kwa kiganja pale palipobaki wazi, akapima kwa macho, panatosha vya mtu wa tatu, "Haya, endelea kusoma, nasikia."