Bwana Shoka Hasikii Upande wa Kushoto

Mume wangu anauza nyama, lakini ugomvi anauogopa. Mteja akilalamika kwamba kipimo kimepungua, yeye anaongeza kipande kabla hata hajaangalia mizani. Mkali wa duka ni mimi. Nakaa kaunta, napokea pesa, na mwenye mdomo mchafu namjibu mimi. Yeye yuko nyuma yangu kwenye gogo lake, anapasua mifupa kwa shoka, na ukitaka akusikie inabidi uzungumze upande wa kulia, maana sikio la kushoto lilikufa alipougua utotoni.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwa muuaji anayechukiwa kuliko wote kwenye simu za watu.

Aliyemfikisha huko ni mtoto wa marehemu dada yake, tuliyemlea sisi. Tulimwita Mkurugenzi, kwa utani, tangu alipoanzisha kampuni yake kwenye stoo ya duka letu, yeye na kompyuta mbili na feni mbovu. Alikuwa akitengeneza mchezo wa kupigana wa mtandaoni, na mchezo ulihitaji adui. Siku moja akamsimamisha mjomba wake kando ya gogo, akamzungushia simu kichwa kizima, akasema ni picha tu. Mume wangu akaomba kwanza achane nywele na kufuta miwani.

Adui akaitwa Bwana Shoka. Sura ni ya mume wangu, aproni ni yake, hata namna anavyoburuta kandambili ni yake. Anawafukuza wachezaji kwenye vichochoro, akiwakamata anawakata vipande, na damu inaruka mpaka kwenye kioo cha simu. Hashindwi, ila kwa njia moja tu. Ukimjia upande wa kushoto hakusikii. Jambo la ndani ya nyumba yetu, ambalo hata mezani tulikuwa tukilisitiri, Mkurugenzi alilichukua akaligawia dunia nzima.

Mchezo ukapaa. Kampuni ikatoka stoo ikahamia ghorofani, kwenye ofisi ya vioo yenye vijana wengi na mashine ya kahawa. Tulifurahi, kwa nini nidanganye? Mume wangu alikuwa akiwaonyesha wateja simu huku anacheka. "Huyu ni mimi, eti."

Halafu mteja mmoja akamrekodi akipasua mbavu, akairusha video mtandaoni: Bwana Shoka yupo kweli, na duka lake hili hapa. Tukawa tumekwisha. Vijana wakaanza kushindana: nenda dukani, mjie kwa kushoto, mpige, jirekodi, kimbia. Wa kwanza alimpiga kofi la kisogoni. Tulicheka kidogo, kicheko cha kulazimisha. Wa pili alikuja na fimbo. Mwingine, kavaa helmeti, aliruka kaunta yangu na kumpasulia chupa mdomoni, meno mawili ya mume wangu yakadondoka juu ya maini. Nikanyakua jiwe la mizani nikamtupia yule kijana. Lilimpata begani na nikausikia mfupa ukivunjika. Alitoka mbio bega linaning'inia, simu kaishika kwa mkono mzima, anacheka! Jioni video ilikuwa imeenea kila mahali, na watu wakaomba na mimi niingizwe kwenye mchezo.

Kesho yake nilipanda ghorofani. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, sura ya mume wangu itoke mle kabla mtu hajafa.

"Mwanangu, mtoe mjomba wako. Leo hii."

"Mama, si rahisi hivyo."

"Mlimweka wenyewe. Mtoeni wenyewe."

"Wachezaji wanatukimbia," alisema Mkurugenzi. "Kuna mchezo mwingine umetoka, wote wamehamia huko. Si umeona viti vilivyo wazi pale nje? Nimeshawaachisha nusu ya watu. Mwekezaji anamtaka Bwana Shoka, hamtaki mwingine. Nikimtoa, hakuna kampuni."

"Na meno yake je?"

"Nitamlipia meno. Toleo la pili likitoka tu, namtoa. Nivumilie kidogo, Mama."

Alisema hivyo macho yakiwa kwenye simu. Nilimzaba kibao mbele ya wafanyakazi wake, mpaka kiganja changu kikawaka moto. Hakunijibu vibaya. Aliniomba radhi, machozi yanamlengalenga, nami nikashuka ngazi. Bado alikuwa mtoto wangu.

Polisi walituambia tuongeze kitasa. Wiki hiyohiyo akaja mmoja na nondo, ikampata mume wangu ubavuni, akalala siku kadhaa akikohoa damu. Aliporudi kazini hakuwa yule ninayemjua. Chuma cha kunolea visu hakikumtoka mkononi. Ndoo ikianguka, anageuka na kuipiga. Paka wa duka alihama. Mimi nami nilikuwa nimejaa hasira hadi kooni, nikamwambia waziwazi, "Akija mwingine, mpige. Usimuulize jina."

"Nitampiga," alisema. Nilifurahi kumsikia.

Alikuja asubuhi, duka likiwa halina mteja. Hakupitia mbele. Alipitia mlango wa stoo, kavaa nguo nyeusi na barakoa kama wachezaji wa mle mchezoni, mkono mmoja ana rungu, mwingine simu kwenye kijiti. Nilipogeuka alikuwa ameshafika kwenye gogo, upande wa kushoto.

"Mjomba, ni mimi," alisema, akicheka ndani ya barakoa.

Nilimsikia mimi. Mume wangu aliona kivuli tu. Aligeuka mwili mzima, akashusha chuma, kikaingia juu ya sikio kwa sauti ambayo sisi wauza nyama tunaijua. Kijana aliyumba lakini hakuanguka, akapigwa tena. Alipoanguka, mume wangu alimfuata chini, akampiga tena na tena, miezi yote ile ikimtoka mkononi. Nilipiga kelele, "Mwache! Ni wetu!" Nilikuwa nimesimama upande uleule wa kushoto. Ilibidi nimrukie mgongoni.

Nilimvua barakoa mimi. Rungu lilikuwa la sponji.

Vijana wa kampuni walitueleza baadaye. Ilikuwa ni tangazo la toleo la pili, mwenye mchezo anakwenda kupigana na Bwana Shoka mwenyewe, laivu. Hakumwambia mjomba wake kwa sababu walishawahi kumjaribu mbele ya kamera na akashindwa kuacha kucheka. Walitaka ashtuke kweli.

Nilikimbilia barabarani kusimamisha gari, khanga yangu imelowa damu. Magari yalinikwepa. Niliporudi ndani, mume wangu alikuwa amepiga magoti, kichwa cha mtoto mapajani. Mkononi alikuwa ameshika ile simu iliyodondoka, ambayo ilikuwa bado inarusha, na watu waliokuwa wakitutazama walizidi duka, mtaa na mji mzima. Alikuwa anawabembeleza.

"Jamani, huyu ni mwanangu. Si mchezo, nawaapia. Aliye karibu atuletee daktari. Tafadhali, wanangu."

Nilisoma juu ya bega lake. Alama za mioyo zilikuwa zinapanda kwenye kioo moja baada ya nyingine. *Toleo la pili ni moto. Mzee anajua kulia huyu. Mpige tena.*

"Wanasemaje?" aliniuliza. Miwani yake ilikuwa imepasuka nilipomrukia, na macho yamejaa machozi. "Kuna anayekuja?"

Mkurugenzi alikuwa ameshaacha kupumua.

"Wanakuja," nilimwambia.