Chapa ya Shingoni

Mwenye kovu usidhani kapoa. Watu wa Habaswein walimwona Ndirangu, mwendesha pampu ya maji, akinyoa ndevu kila asubuhi na kuamkia kila mtu, wakasema jamaa amepoa. Amepoa wapi! Kila alasiri alipika chai, akaandaa vikombe viwili, chake na cha mdogo wake Gathogo. Na Gathogo alikuwa kaburini tangu lori lao lilipokanyaga bomu la mashifta, wale waasi wa kaskazini, kwenye barabara ya Garissa.

"Kunywa, mdogo wangu, itapoa," alimwambia. Ikipoa bila kuguswa, aligombana nacho kikombe mpaka sauti ikamkauka.

Pale bomu lilipolipuka, polisi walimkuta ngamia wa mashifta amekufa, shingoni ana chapa ya moto, duara lenye mkia. Ndirangu aliichora kwa mkaa ukutani, mlangoni, hata ndani ya sufuria. Alikuwa amekulia kwenye shamba la mzungu kule Naivasha, ambako chapa ya ng'ombe ilikuwa ya bwana mmoja tu. Basi alimngoja huyo mmoja.

Siku moja mfugaji mzee, Mursal, alileta ngamia wake kunywa maji. Shingoni, duara lenye mkia. Ndirangu alifurahi, akafurahi kabisa, mpaka akavaa shati la Jumapili. Akamkaribisha mzee chai. Vikombe vikawa vitatu, na cha mgeni akakitia dawa ya kuulia kupe.

"Chapa hii ni yako, mzee?"

"Chaba? Si yangu beke yangu, ndugu. Ni ya ukoo wetu yote, tangu babu. Hata ngamia ile ilibeba ndugu yako kutoka barabara, iko na chaba hii hii. Mimi nilishika kamba yake. Allah amrehemu."

Macho ya mzee yalilengwa na machozi. Akainua kikombe.

Hapo mwenye akili zake angemshika mzee mkono, wakalia pamoja. Ndirangu alikiinamia kikombe cha Gathogo, akatega sikio, akaitikia kwa kichwa.

"Ngoja, mzee, kina nzi."

Akampokonya kikombe, akamwaga chai mchangani. Akamletea nyingine safi, sukari tele.

"Ukoo wenu ni mkubwa?"

"Mkubwa sana, alhamdulillahi."

"Basi kesho waambie waje wote, na ngamia, na watoto. Nitawafungulia maji wanywe washibe."

Mursal alimwombea baraka, akashika njia na ngamia wake.

Ndirangu akaketi karibu na mdogo wake. Alikuwa ametulia kuliko siku zote.

"Umesikia? Ni wengi," akamwambia. "Chai haitatosha."

Akachukua kopo la dawa, akalitikisa sikioni kujua limebaki kiasi gani, akatoka kwenda kwenye tangi.