Uso wa Rogathe

Mwantumu aliitoa filamu kwenye maji, akaiinua mbele ya taa. Ilikuwa tupu, angavu kama kioo cha dirisha, tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho. Dawa ya kusafishia filamu ilikuwa imekwisha nguvu. Mwaka wa pili sasa duka la Arusha halikuwa likiiagiza tena, naye alikuwa akitumia iliyobaki kwenye chupa za marehemu mumewe, Saleh, aliyemfundisha kazi hii ya kupiga picha hapa Dongobesh.

Wiki tatu nyuma mzee Akonaay alimleta mkewe kutoka Nambis. Rogathe alikuwa amekondeshwa na ugonjwa wa koo, sauti imebaki kidogo sana.

"Nataka nyeusi na nyeupe," alisema, "kama ile ya ndoa yetu. Hizi za rangi zinafifia."

Mwantumu akampiga picha kwa filamu, kisha, kwa tahadhari tu, mara moja kwa kamera ya dijitali. Siku ya tisa Rogathe akazikwa.

Basi Mwantumu alisafiri na ile picha ya dijitali hadi Babati, kwenye studio ya kompyuta. Fundi akaondoa rangi, akakoleza weusi, hata akanyunyiza chembechembe kama za filamu. Ungeitazama kwa haraka, ungeapa ni kazi ya Saleh. Njia nzima ya kurudi Mwantumu alijiuliza kama kuna haja ya kumwambia mzee.

Kesho yake Akonaay akaja.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

Aliishika picha kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. "Hii ni ya filamu?"

Neno 'ndiyo' lilikuwa tayari ulimini mwa Mwantumu. "Hapana, baba. Filamu iliniharibikia. Hii ni ya dijitali. Unisamehe."

Mzee hakukasirika. Alipitisha kidole gumba kwenye shavu la mkewe. "Hapa alikuwa na kovu. Aliungua jikoni, tulipokuwa tunaanza maisha. Mimi ndiye niliyekuwa nampaka asali. Limekwenda wapi?"

Mwantumu akasogea. Shavu lilikuwa laini kama la msichana. Fundi alilifuta, akidhani anasaidia.

"Mimi nilikuwa naangalia weusi tu," Mwantumu alisema taratibu.

Akatoa kamera kabatini, akaitafuta picha yenyewe, akaikuza, akampa mzee. Kovu lilikuwepo, limekunjamana chini ya jicho.

"Narudi Babati kwa fundi, baba. Safari hii nitakaa naye mpaka amalize."

"Sawa," alisema Akonaay, lakini kamera hakuirudisha. Aliketi kizingitini, akaifunika kwa koti ili jua lisiizidi, akainamisha kichwa humo ndani. Kila baada ya muda kioo cha kamera kilizimika chenyewe. Mwantumu akachuchumaa kando yake, akawa anapeleka mkono chini ya koti, anabonyeza kitufe, na mwanga mdogo unarudi usoni mwa mzee.