Kavue Uchafu

Kwetu Svolvær, bandari ya wavuvi huku kaskazini, mtu anayekwenda kuvua hatakiwi heri. Ukimtakia heri umemwitia balaa, na balaa la bahari yetu mwezi wa Machi halina utani. Anayekupenda anasimama gatini, anakutazama usoni, anakwambia, "Kavue uchafu." Hapo unajua kwamba kuna mtu anataka urudi. Wewe hujibu asante wala nini, unaondoka tu.

Shemeji yangu Oddvar analijua hilo tangu hajaota meno. Kwa hiyo alichosema miaka tisa iliyopita hakikuwa kuteleza kwa ulimi. Mume wangu Edvin alikuwa ameng'oa mashine ya kuvutia nyavu kwenye boti waliyoachiwa na baba yao, akaweka mabenchi, ili sisi tupeleke wageni kuvua chewa. Oddvar aliona tumemfanya marehemu kichekesho. Alikuja gatini siku ya safari yetu ya kwanza, watu wamejaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, "Kila la heri, Edvin." Wiki haikuisha, injini ikatufia huko nje, tukarudishwa tumefungwa kamba nyuma ya boti ya wenzetu kama mbuzi wa mnada. Tangu hapo ndugu hawa hawasemeshani. Mji wenyewe mdogo, duka la mikate ni hilo hilo, na mmoja akiingia mwingine anageukia ukutani kusoma matangazo ya mwaka juzi.

Mimi kununa kwa wanaume kumenichosha. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima miaka tisa, mgongo unaniuma, na mavuno sijayaona.

Basi wiki ile Asbjørg, mke wa Oddvar, alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisema Jumatatu Oddvar anapasuliwa moyo hospitalini kule Tromsø, na anataka kwenda baharini mara moja kabla ya hapo, katika boti ya baba yake na si nyingine. Alikuwa amemkataza mkewe asimwambie Edvin habari ya ugonjwa, maana hataki kuonewa huruma. Nilimwandikia nafasi ya Jumamosi kwa jina la Asbjørg nikanyamaza. Sikulala vizuri. Kifua cha mtu kikishafunguliwa hakuna anayejua kitafungwa vipi, na mimi nilitaka hawa wawili wasemeshane kabla ya Jumatatu. Nilijua ikishindikana, Edvin ataubeba mzigo huo mpaka kaburini, na atakayelala naye kitanda kimoja ni mimi.

Jumamosi asubuhi theluji ilikuwa imelala kwenye sitaha, upepo kidogo, milima imevaa nyeupe mpaka miguuni. Oddvar alikuja amevaa lile ovaroli lake la zamani la rangi ya machungwa. Edvin alimtazama, akanitazama mimi.

"Asbjørg amebadilika sana," akasema, akaingia kwenye kibanda cha usukani.

Hakumfukuza. Nilishukuru.

Mgeni wetu mwingine alikuwa Halvard, daktari wa meno kutoka Hamar, mji wa bara ambako bahari wanaiona kwenye kalenda. Mtu mwema, msemaji, mwenye glavu mpya bado zina karatasi ya dukani. Mkewe Mette alibaki gatini na kofia yake ya manyoya. Tulipoanza kuachana na gati, yule mama akapunga mkono akaita kwa furaha, "Kila la heri!"

Edvin alipunguza mwendo. Alirudisha boti gatini, akatuteremsha sote, akatuamuru tunywe kahawa upya, kisha tupande tena kana kwamba asubuhi ndiyo kwanza inaanza. Nilimfundisha Mette neno la kusema. Alilisema huku amekuwa mwekundu, maana kwao ni tusi. Halvard alicheka mpaka akapaliwa. Oddvar hakucheka. Alikuwa anatazama buti zake muda wote huo, na masikio yake yalikuwa mekundu, na sidhani ni kwa baridi.

Tulitoka mbali mpaka visiwa vikawa chini nyuma yetu. Kioo cha kuonyesha samaki kilijaa rangi, chewa wametanda chini kule, wale wakubwa wanaoshuka kutoka bahari ya kaskazini kuja kutaga. Halvard alikuwa wa kwanza kumpata mmoja, akataka apigwe picha akimbusu. Nilimpiga. Edvin alipita huku na huku na kulabu yake, akimsaidia daktari, akimwonyesha namna ya kupandisha chuma cha chambo na kukiachia. Upande wa Oddvar hakwenda. Ukiwaona ungedhani katikati ya sitaha pamepita mpaka wa nchi.

Niliweka sufuria jikoni, maji na chumvi, nikasafisha ini na mayai ya samaki wa kwanza. Kila mara nilichungulia. Oddvar alikuwa anavua vizuri, mkono wake haujasahau, lakini alipumzika mno baina ya samaki na samaki, akijifanya anatazama ndege.

Kisha fimbo yake ya kuvulia ikapinda mpaka ncha ikagusa maji.

Alishika. Alizungusha kigurudumu cha uzi kidogo, akasimama. Alizungusha tena. Uso wake ukawa wa kijivu, na mkono mmoja akauweka kifuani kama mtu anayetafuta miwani mfukoni. Nilitupa kijiko nikatoka, lakini Edvin alikuwa ameshaona. Alisimama kwenye ule mpaka wake asiouvuka.

Oddvar aligeuka. Huyu ni mtu aliyewahi kuvunjika mbavu mbili na akamaliza siku ya kuvua. Hakuna aliyepata kumwona akimpa mtu mwingine samaki wake. Alinyoosha mikono, akampa mdogo wake fimbo.

"Siwezi," akasema. "Jumatatu wananipasua moyo."

Edvin aliipokea. "Jumatatu ipi?"

"Hii."

Basi. Halvard alikuwa karibu, akasikia yote, akakata maneno yake katikati, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu asubuhi. Edvin alimvuta yule samaki taratibu, kwa muda mrefu, bila kumtazama mtu. Alikuwa chewa mwenye tumbo kubwa na urefu wa kufika kiunoni mwangu. Alimlaza miguuni pa Oddvar, si kwenye sanduku la boti, akarudi kwenye usukani.

Wakati wa chakula Edvin alimpakulia kaka yake mwenyewe, akamwekea kipande cha ini kikubwa kuliko changu. Nilisubiri neno. Nilisubiri mpaka viazi vikapoa. Alimuuliza Halvard kuhusu barabara za Hamar. Ningeweza kumpiga na mwiko.

Tulirudi jua likiwa limeegemea milimani. Oddvar alikaa nje peke yake, mkono wake juu ya mbao za ukingo, zile alizozipaka rangi na baba yake akiwa kijana. Nilikaa naye kidogo nikamuuliza kama anaogopa.

"Naogopa, shemeji," akasema. "Na usimwambie."

Niliogopa pia. Gati lilikuwa linakuja na mume wangu yuko kwenye kibanda amefunga mdomo kama chaza.

Tulifunga kamba. Mette alikuwa anangoja, pua imekuwa kama pilipili. Oddvar alichukua mfuko wa samaki wake, akaniaga, akapanda ngazi moja moja, akipumzika. Edvin alikuwa anakunja kamba isiyohitaji kukunjwa. Nilisema moyoni, haya, imekwisha, jembe nalitupa.

Hapo Halvard, kwa wema wake wote, alimshika Oddvar mkono pale juu.

"Mzee," akasema, "hiyo Jumatatu, nakutakia kila la—"

"Funga mdomo!"

Edvin aliruka ngazi. Mtu wa miaka sitini na nne, mwenye goti bovu, sijui alifikaje. Alimsukuma daktari wa watu pembeni.

"Usimwambie ndugu yangu neno hilo."

"Samahani," Halvard akasema, amechanganyikiwa. "Nilidhani ni mambo ya baharini tu."

Edvin hakumsikia. Alikuwa amesimama mbele ya kaka yake, karibu kuliko walivyopata kusimama kwa miaka tisa, anahema. Midomo yake ilihangaika. Mimi kule chini nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili.

"Oddvar," akasema. "Kavue uchafu."

Oddvar alimtazama. Machozi yakamshuka wazi wazi mbele ya watu wa Hamar. Hakusema asante, maana neno lile halijibiwi. Aligeuka akaenda zake kwenye theluji na mfuko wake, na Edvin akabaki amesimama pale pale mpaka kaka yake alipokata kona, kama tunavyomsindikiza kwa macho mtu anayekwenda baharini kwa boti.