Mluzi wa Mfalme wa Gwenambo

Lori lilikuwa limekwisha kujinasua kwenye tope na kuipita shule, na Ansbert bado alikuwa amesimama nyuma kabisa, kashika bomba kwa mkono mmoja, anapiga kelele jinsi ya kutamka jina la mfalme.

"Mwishoni usilibane, Marsiana! Liachie lipumue! Sorumasi! Umesikia? Sorumasi!"

Mkewe Marsiana alikuwa anakimbia kando ya lori na daftari kifuani. Wanawake wengine waliosindikiza mgambo walikuwa wanalia, kama inavyotakiwa. Yeye hakupata nafasi ya kulia kwa sababu alikuwa anajitahidi kusikia.

"Na Heyula je?" akauliza.

"Heyula unampandisha mlima, halafu..." Lori likabadilisha gia, na Heyula akabaki mlimani.

Marsiana alirudi mpaka pale aliposimama baba mkwe wake, Mzee Ndikuriyo, ameegemea fimbo.

"Mwanangu amesema nini?"

"Amesema mfalme asibanwe mwishoni, baba."

Mzee akafikiri kidogo. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1978. "Mfalme yupi tena? Mimi nilidhani wanakwenda kumpiga rais."

Kijiji chenyewe kilikuwa na umri wa miaka minne. Mwaka 1974 watu walishushwa kutoka milimani, kila ukoo na makorokoro yake, wakamwagwa mahali pamoja karibu na Nyakisasa, nyumba zikapangwa mstari mmoja kama meno. Ansbert alipoteza la kwake siku hiyohiyo. Boriti ilimponyoka mdogo wake, Xavery, juu ya lori, ikamng'oa kaka mtu jino la mbele. Xavery akasema pole. Tangu hapo kila Ansbert alipotamka neno lenye s, neno lilitoka na mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka.

Alasiri, wakitoka kwenye shamba la kijiji, watu walikuwa wakikaa mbele ya ghala kupukuchua maharage, na Ansbert alikuwa akiwasimulia hadithi. Kule milimani hadithi haikuwa na matata, kwa kuwa mlima mmoja ulikuwa na ukoo mmoja na kila mtu alijua jina lipi liachwe. Kwa Wahangaza mke hatamki jina la baba mkwe wake, na likitajwa ovyo mbele yake huona afadhali aondoke. Sasa koo zilikuwa ishirini mahali pamoja. Siku moja Ansbert alisimulia habari za mwoga aitwaye Bujenje. Wake wanne wakainuka papo hapo, wakaondoka na maharage yao. Mzee Bujenje mwenyewe alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kuuliza ni lini yeye alimkimbia fisi.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Ikaamua kwamba hadithi ziendelee, ila zisitumie jina la mtu yeyote aliye hai, aliyekufa, wala anayetarajiwa.

Ansbert alikaa wiki mbili akitafuta majina yasiyo na mwenyewe. Akarudi na nchi nzima. Nchi hiyo iliitwa Gwenambo, na huko watu walikaa mahali pao, milima ndiyo iliyohamishwa. Mfalme wake, Sorumasi, aliamka kila asubuhi akaihesabu milima kama imetimia. Binti yake, Heyula, alipanda mgongoni mwa mlima mmoja mdogo akatoroka nao. Watu waliipenda sana habari hiyo. Hakuna aliyeinuka na maharage yake.

Shida ilikuja kwa mlango mwingine. Jina lisilo na mwenyewe halina wa kulisahihisha. Jina la mtu ukilikosea, mwenyewe atakuambia, lakini Sorumasi hakuwapo. Aliyejua ni Ansbert peke yake, naye alikuwa mkali kuliko mwalimu wa ubatizo. Aliwakalisha wakarudia. Juu ya ule mluzi wa mwisho alikuwa mkali zaidi.

"Huo ni wa jino lako, bwana," watu walimwambia.

"Si wa jino, ni wa mfalme. Mimi na pengo langu tulitunga pamoja. Bila mluzi, huyo ni mtu mwingine tu."

Watu wakacheka, wakamwachia yeye na pengo lake.

Lori lilipoondoka, daftari la hadithi likabaki kwa Marsiana. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, akawa ndiye msomaji mbele ya ghala. Siku ya kwanza tu ugomvi ukaanza. Wahangaza walilivuta jina katikati. Wasubi waliotokea Biharamulo walilikata kama wanakata muwa. Mwanamvua, mke wa Salum mwenye cherehani, ambaye babu zake walikuja na biashara ya nguo kutoka pwani, alilitamka taratibu kama mtu anayemkaribisha mgeni ndani.

"Wewe dada, huyo ni mfalme, si mkwe wako," wakamwambia.

"Na nyinyi mnamwita kama mnafukuza nyani kwenye mahindi," akajibu Mwanamvua.

Pancras, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, alisema katika nchi inayojitawala jambo kama hilo haliachiwi kila mtu. Wakapiga kura kwa mikono. Matamshi ya Pancras yalishinda kwa mikono thelathini na mmoja dhidi ya kumi na tisa. Heyula akaachwa kila mtu aendelee naye alivyomzoea. Mluzi haukupigiwa kura.

Marsiana angeweza kusema kitu, lakini angesemaje? Mwanamke hapigi mluzi. Akipiga nyumbani, watu husema anaita nyoka. Akipiga mbele ya baba mkwe, heri angemtukana. Kwa hiyo mbele ya ghala alisoma kama kura ilivyoamua. Kisimani, akiwa peke yake na ndoo, aliliweka jina kama alivyoachiwa. Ilimchukua mwezi kuupata ule mluzi, maana meno yake yalikuwa yote. Alilazimika kuukunja ulimi na kuusukuma upande. Alipoupata, alikaa chini kando ya ndoo, kwa kuwa ilikuwa kama Ansbert amesema jambo pale kisimani, na hakuwapo.

Vita vikaisha. Mgambo wa kijiji walikwenda sita, wakarudi watano. Novatus, jirani, mmoja wa hao watano, alisema yeye alimwona Ansbert akianguka mtoni pamoja na kipande cha daraja, na hakumwona akitoka. Barua haikuja, ya kufa wala ya kupona. Wakangoja Julai, Agosti, Septemba. Mwanzoni mwa Oktoba Mzee Ndikuriyo aliwaita wazee, na wazee wakasema la kawaida: mtu asiyeonekana huzikiwa shina la mgomba, ili roho yake ipate pa kukaa isiwasumbue watu. Matanga yakiisha, mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu. Ndugu mwenyewe alikuwa Xavery.

Xavery hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Xavery tu. Alikwisha kuja mara mbili kuangalia paa la nyumba ya Marsiana, na mara zote mbili boriti ikamponyoka.

"Wakishamzika, basi," Marsiana alimwambia Mwanamvua. "Hata akirudi atakuta amekufa. Shina likishaingia chini halifukuliwi."

"Waambie hutaki."

"Nimwambie nani? Baba mkwe? Kwa mdomo gani?"

Siku ya maziko kaburi lilichimbwa asubuhi. Shina la mgomba lilikatwa kimo cha Ansbert. Wakabishana kidogo kama alikuwa mrefu hivyo, wakapunguza inchi mbili, wakalivika shuka. Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwa tayari kwenye mitungi. Jua lilikuwa utosini walipomwona mtu anashuka njiani, suruali ya kijeshi, shati la kiraia, begi begani.

"Shikamooni wazee. Hapa kwa Mzee Ndikuriyo? Naitwa Makame. Natoka Mwanza, hospitali. Nimetumwa na Ansbert."

Hakuna aliyeruka kwa furaha, na walikuwa na sababu. Mwezi uliopita alipita mwanajeshi mwingine akila kuku wa Bibi Deodata na kumletea salamu za mwanawe aliyelazwa Masaka. Mwanawe alikuwa jikoni, ndiye aliyemchinja kuku.

"Barua iko wapi?" akauliza Pancras.

"Hana mkono wa kuandikia, umefungwa. Nami mkono wangu watu wanashindwa kuusoma. Alisema niseme kwa mdomo. Mguu umevunjika, mkono umevunjika, yeye mwenyewe mzima."

"Mke wake nani?"

"Marsiana. Ndugu yake Xavery. Jino lake lilikwenda na boriti."

"Hayo yote unayapata Rusumo kwa kikombe cha chai," akasema Xavery, ambaye alikuwa ameshika ncha ya miguu ya shina na mikono imeanza kumchoka. "Tuendelee jamani. Jua."

Makame alilitazama shina, akalitazama shuka. "Huyu ndiye nani?"

"Ansbert," wakamwambia.

Akavua kofia, kwa adabu, kisha akaivaa tena. "Basi sikilizeni. Wodini tulikuwa ishirini na wawili, na usiku mrefu. Jamaa yenu katusimulia nchi yake mpaka manesi wakawa wanakuja kusikiliza. Niulizeni mambo ya huko."

Pancras akasogea mbele. Hilo lilikuwa jambo lake. "Mfalme wa huko anaitwa nani?"

"Sorumasi," akasema Makame, na mwishoni ukatoka mluzi mwembamba, mrefu, kama birika linalokaribia kuchemka.

Pancras akatikisa kichwa. "Siyo. Hatamkwi hivyo. Kijiji kizima kinajua anavyotamkwa, tumempigia kura. Huyu hajapata kumsikia mwenyewe." Watu wakaguna. Wengine wakacheka. Bibi Deodata akaenda kuangalia kuku wake.

"Lakini yeye ndivyo alivyotufundisha!" Makame akasema. "Askari wa Pemba mzima na meno yangu thelathini na mbili, nimekesha wiki mbili napiga mluzi kama mchunga mbuzi, ananiambia nirudie. Nilidhani nikifika huku nitapokewa!"

"Teremsheni," akasema mzee mmoja.

Shina likaanza kushuka. Marsiana alikuwa amekaa chini na wanawake, kichwa kimefunikwa, kama mjane. Akasimama.

"Baba," akasema.

Mzee Ndikuriyo akageuka. Mkwe hamwiti baba mkwe maziko yakiwa yanaendelea.

"Baba, ametamka sawa. Waliokosea ni sisi."

"Mama, kaa chini," akasema Pancras. "Kura..."

Marsiana hakukaa. Alikunja ulimi, akausukuma upande, na mbele ya baba mkwe wake, na wazee tisa, na kaburi, akasema: "Sorumasi."

Mluzi ulitoka mzima. Ulikuwa uleule wa Makame, na wa Makame ulikuwa uleule wa pengo la Ansbert, na pale uwanjani walikuwapo watu hamsini waliousikia miaka minne bila kuutilia maanani. Wanawake wakaziba midomo. Xavery akaachia shina, likamwangukia mguuni.

Mzee Ndikuriyo alimtazama mkwe wake. Hakuna aliyejua atamlaani kwa lugha gani.

"Rudia," akasema.

Akarudia.

"Na wewe mgeni."

Makame akarudia.

Mzee akakaa juu ya udongo uliochimbwa, fimbo magotini. "Ni yeye," akasema. "Ndiyo kelele yake ile ya siku zote." Baadaye kidogo akasema, "Hilo jimgomba walisheni mbuzi. Huyo mgeni apewe kiti."

Rubisi ilinywewa, kwa kuwa ilikuwa imeshaiva.

Jumatatu halmashauri ilikaa kuzungumzia mwanamke aliyepiga mluzi mbele ya baba mkwe. Baba mkwe mwenyewe alikuja, akasema hakusikia mwanamke akipiga mluzi, alisikia mfalme akitajwa. Wakaandika kwamba Marsiana anaruhusiwa kwa jina hilo tu, na asizidishe.

Ansbert alirudi mwezi wa Desemba kwa lori la pamba lililokuja kupitia Biharamulo, akitembelea mkongojo mmoja. Huko hospitali walimhurumia wakamtia jino la bandia, bure. Alipofika mbele ya ghala na kumtaja mfalme wake, jina lilitoka kavu, kama la Pancras. Akajaribu tena. Akalitoa jino, akalirudisha, akalitoa. Fizi nazo zilikuwa zimebadilika.

"Siyo hivyo," Marsiana akamwambia. "Mwishoni usilibane."

Tangu siku hiyo Ansbert alisimulia, na akifika kwa mfalme alinyamaza, mkewe akataja. Aliishi mpaka mwaka 1991, akafa kwa homa. Xavery alipona mguu, akamwoa Zita wa Kirushya, wakapata watoto saba. Paa lao linavuja. Mzee Ndikuriyo alikufa mwaka 1983, akazikwa mwenyewe. Pancras alihamishiwa Biharamulo, akapandishwa cheo. Mwanamvua na Salum waliuza cherehani wakaenda Mwanza. Makame alirudi Pemba na kuku wawili wa Bibi Deodata, aliopewa kwa hiari. Haijulikani kama kuku walifika. Daftari lililiwa na mchwa kuanzia nyuma, wakaacha kurasa tatu za mwanzo. Heyula mpaka leo kila mtu anamwita anavyojua. Marsiana yupo, ni bibi, na anapokwenda kisimani watu wa nyumba za karibu hawashtuki wakisikia mluzi.